Maswali ya Wasomaji: Balto au Togo, Nani Alibeba Mzigo Mzito?

SWALI: Mhariri, mimi ni muuguzi mstaafu ninayeishi Moshi. Katika miaka yangu ya mwanzo wodini niliwahi kumpokea mtoto mwenye dondakoo, na ule utando wa kijivu uliokuwa umetanda kooni mwake sijausahau hadi leo. Wiki iliyopita mjukuu wangu alirudi kutoka shuleni na mchoro wa mbwa mweusi, akanieleza kwamba mbwa huyo anaitwa Balto na kwamba ndiye aliyepeleka dawa ya dondakoo katika mji uliokuwa umezingirwa na barafu. Mwenzake darasani akambishia kuwa mbwa wa kweli aliitwa Togo. Naomba ufafanuzi: ni yupi kati yao, na kwa nini sanamu akajengewa mmoja? Mjukuu anataka kujua aandike jina gani chini ya mchoro wake.

JIBU: Shikamoo, Mama. Watoto wote wawili wana sehemu ya ukweli. Balto na Togo walikuwepo, walitoka katika banda moja, na kazi waliyoifanya ni moja. Hawakuifanya kwa kipimo kimoja, na hapo ndipo ubishi ulipoanzia.

Mji wenyewe ni Nome, ulioko magharibi ya Alaska kwenye pwani ya Bahari ya Bering. Mwezi Januari 1925 daktari wa pale, Curtis Welch, alianza kuona watoto wenye utando ule ule ulioutaja, na dawa ya kuzimua sumu ya ugonjwa huo aliyokuwa nayo kabatini ilikuwa imekwisha muda wake. Bahari ilikuwa imeganda, kwa hiyo hapakuwa na meli ambayo ingefika kabla ya majira ya kiangazi. Ndege chache zilizokuwapo Alaska zilikuwa za kiti kilicho wazi, nazo zilikuwa zimefunguliwa vipande na kuwekwa stoo hadi baridi ipite. Dawa ya vipimo 300,000 ilipatikana katika hospitali moja ya Anchorage, ikapakiwa kwenye treni hadi Nenana, na hapo ndipo njia ya kwenda Nome ilipoachana na reli. Zilibaki kilomita zipatazo 1,085 za theluji, umbali unaokaribia ule wa kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, na usafiri pekee ulioaminika ulikuwa sleji, yaani kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji kikivutwa na mbwa.

Waendeshaji 20 na mbwa wapatao 150 walipokezana dawa hiyo kama wanariadha wanavyopokezana kijiti. Mzigo uliondoka Nenana usiku wa tarehe 27 Januari, ukaingia Nome alfajiri ya tarehe 2 Februari, baada ya siku tano na nusu hivi. Wengi wa waendeshaji hao walikuwa wenyeji asilia wa Alaska, ambao majina yao hayatajwi sana hata huko kwao, na mimi naona hilo ni deni kubwa kuliko hata hili la mbwa wawili tunalolizungumzia.

Sasa tuje kwa Togo. Bwana wake, Leonhard Seppala, alikuwa mzaliwa wa Norwei aliyehamia Alaska kutafuta dhahabu, akaishia kuwa mwendeshaji wa mbwa ambaye hakuwa na mpinzani katika eneo lile. Mpango wa kwanza ulikuwa kwamba yeye aondoke Nome kuelekea mashariki, akutane na dawa katikati ya njia, kisha arudi nayo. Alipokwisha kuondoka, wakubwa walibadili mpango na kuongeza waendeshaji wengine ili kuokoa muda, lakini hapakuwa na namna ya kumfikishia habari mtu aliyekuwa peke yake nyikani. Seppala akaendelea kukimbia kuelekea mbali zaidi kuliko ilivyohitajika, akiwa amekwisha kusafiri kilomita kama 270, na alipofika karibu na kijiji cha Shaktoolik alimkuta mwendeshaji mmoja kando ya njia akihangaika kuwatenganisha mbwa wake waliokuwa wamejisokota kwenye kamba. Seppala hakutaka kusimama, kwa kuwa aliamini safari yake bado ni ndefu. Ilimbidi yule mwenzake, Henry Ivanoff, apige kelele nyuma yake kwamba dawa yenyewe anayo yeye, ndipo Seppala akageuza sleji. Hebu fikiria, Mama, kama upepo ungekuwa mkali kidogo zaidi na sauti ile isisikike.

Mbele ya Seppala, katika kurudi, kulikuwa na Norton Sound, ghuba ya bahari iliyoganda. Njia salama ilikuwa kuizunguka kwa nchi kavu. Njia ya mkato ilikuwa kupita juu ya barafu, ambayo upepo wa kutoka bara huweza kuimegua wakati wowote na kuipeleka baharini pamoja na vyote vilivyo juu yake. Alikuwa ameikatiza siku ile ile wakati wa kwenda. Aliikatiza tena usiku, katika baridi ya zaidi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, akiwa haoni kitu mbele yake na akimtegemea Togo peke yake kupata njia. Mjini Nome alikuwa amemwacha binti yake wa pekee, naye akiwa katika umri ambao dondakoo huupenda. Walivuka. Muda mfupi baadaye barafu ile ilivunjika.

Togo alipomfikisha bwana wake katika kijiji cha Golovin na dawa ikakabidhiwa kwa mwendeshaji aliyefuata, alikuwa amekimbia jumla ya kilomita zipatazo 420, kwenda na kurudi, na kati ya hizo kama 146 akiwa na dawa. Waendeshaji wengine walio wengi walipewa kipande cha kilomita 50 hivi. Na Togo hakuwa kijana: alizaliwa mwaka 1913, kwa hiyo alikuwa na umri wa miaka 12, umri ambao mbwa wengi wa kazi wamekwisha kupumzishwa na kuachiwa mahali pa kuota jua.

Balto alikuwa mbele ya kundi lililokuwa likiendeshwa na Gunnar Kaasen, ambaye alipangiwa kipande cha kabla ya mwisho. Dhoruba ilipindua sleji yake, dawa ikaanguka, naye akaitafuta kwenye theluji kwa mikono mitupu. Alipofika kituo cha mwisho alimkuta mwenzake amelala, akaamua kuendelea mwenyewe, na hivyo akaingia Nome baada ya kilomita zipatazo 85. Aliyekata utepe ndiye aliyepigwa picha. Magazeti ya Marekani yalilishika jina la Balto, yakampa hata baadhi ya sifa zilizokuwa za Togo, na mwezi Desemba mwaka huo huo sanamu yake ya shaba, kazi ya mchongaji Frederick Roth, ikazinduliwa katika bustani ya Central Park jijini New York huku Balto mwenyewe akiwapo. Maneno yaliyoandikwa pale, kwa haki, yanawaheshimu mbwa wote wa sleji waliopeleka dawa. Lakini nani husoma maneno ya chini ya sanamu wakati mtoto anataka kupanda mgongoni mwake?

Seppala aliumia sana kwa jambo hilo. Balto alikuwa mbwa wake pia, na katika kuchagua kundi la safari ile ngumu alikuwa amemwacha nyumbani. Hata hivyo sipendi namna baadhi ya watu wanavyomtetea Togo kwa kumdharau Balto, kwa maana Balto hakuomba sanamu, na umaarufu wake haukumfaa kitu: aliishia katika maonyesho duni ya kulipia kiingilio huko Los Angeles, hadi watu wa Cleveland, wakiwemo watoto wa shule, walipochanga fedha mwaka 1927 na kumpeleka kwenye bustani ya wanyama ya mji wao.

SWALI: Nimepata kusikia habari za mbwa hawa wa theluji, na kinachonitatiza ni kimoja: mbwa anamwongoza mtu, au mtu anamwongoza mbwa? Na huyo Togo alifunzwa na nani? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Swali lako limekuja wakati mwafaka, kwa hiyo nimeliweka pamoja na la Mama wa Moshi.

Togo alikuwa wa jamii ya mbwa wanaoitwa spitz, wenye masikio yaliyosimama, pua iliyochongoka, manyoya ya tabaka mbili na mkia unaojikunjia mgongoni. Aina yake hasa ni husky wa Siberia, ambaye wazee wake walifugwa na Wachukchi wa kaskazini-mashariki ya Siberia na kuletwa Nome mwanzoni mwa karne ya 20. Sleji haina hatamu wala usukani. Mwendeshaji husimama nyuma kabisa, na chombo chake ni sauti: kwa desturi ya Alaska, neno gee ni kulia na haw ni kushoto. Mbwa kiongozi husikia, hugeuka, na wengine humfuata. Hadi hapo mtu ndiye anayeongoza. Lakini upepo unapomeza sauti na theluji inapoziba macho, mtu aliye nyuma hana cha kuamuru, na kiongozi hutafuta njia kwa pua na kwa miguu, akihisi theluji iliyoshindiliwa na sleji zilizopita chini ya ile iliyoanguka punde. Kiongozi mzuri hutii. Kiongozi bora hujua pia wakati wa kukataa, pale anapoambiwa asonge mbele naye amehisi barafu imepasuka. Ndiyo maana waendeshaji humtafuta mbwa wa namna hiyo kama nahodha anavyomtafuta rubani anayejua miamba ya mlango wa bandari.

Ama kufunzwa, hakuna aliyekuwa na mpango wa kumfunza Togo. Alizaliwa mdogo na mgonjwa, akakua mtundu na msumbufu, na Seppala akamgawa kwa mtu ili awe mbwa wa kukaa ndani. Togo aliruka akapenya kwenye kioo cha dirisha, akakimbia kilomita kadhaa kurudi kwa bwana wake. Alipokuwa na miezi minane hivi alitoroka bandani akafuata safari ya kazi, akawa anawachokoza mbwa waliofungwa kwenye sleji, na Seppala, akiwa amechoka kumfukuza, akamvisha mkanda na kumfunga pamoja na wengine angalau atulie. Mtundu akatulia papo hapo. Siku hiyo hiyo alipandishwa kutoka nyuma hadi mbele, na ilipofika jioni alikuwa amekimbia zaidi ya kilomita 100 akiwa anagawana uongozi na mbwa mzoefu.

Najua kwamba kwa wasomaji wetu wengi wa pwani mbwa hana nafasi ndani ya nyumba, na sina nia ya kubishana na desturi hiyo. Togo naye hakuwa wa ndani. Alikataa kwa kuvunja dirisha.

Mwaka 1926 Seppala alizunguka na mbwa wake katika miji ya Marekani, na huko New York mpelelezi mashuhuri wa nchi za barafu, Roald Amundsen, alimvisha Togo nishani ya dhahabu. Baadaye Seppala alimwacha Poland Spring, jimboni Maine, chini ya uangalizi wa mfugaji Elizabeth Ricker, ili uzeeni asivute tena sleji. Togo alikufa huko Desemba 1929, akiwa na miaka 16, kwa kuwa maumivu yalikuwa yamezidi na bwana wake akaona ni heri apewe dawa ya kumpumzisha. Mwili wake ulikaushwa, ukahifadhiwa kwenye jumba moja la makumbusho baada ya jingine huko mashariki ya Marekani, hadi watu wa Alaska walipomdai. Sasa yuko Wasilla, katika makao makuu ya mbio za sleji za Iditarod. Sanamu yake jijini New York, iliyoko Seward Park, iliwekwa mwaka 2001. Ni ndogo kuliko ya Balto na ilichelewa kwa miaka 75 na ushei.

Nakurudia, Mama wa Moshi, kwa habari ya mchoro. Balto alikuwa mweusi mwenye mabaka meupe, kwa hiyo mbwa aliyechorwa na mjukuu wako ni Balto kweli, na chini yake aandike Balto bila wasiwasi. Kwenye karatasi ya pili achore mbwa mwingine, mwembamba kidogo, wa kilo 22 hivi, mwenye rangi ya kijivu iliyochanganyika na kahawia na nyeusi, rangi iliyomfanya aonekane mchafu hata alipokuwa msafi. Akishamchora, amweke mbele ya wenzake wote, kamba iende nyuma mpaka kwa mtu ambaye kwa sababu ya theluji haonekani vizuri.