Mkojo Unavuja Baada ya Kuondolewa Kizazi: Nisubiri au Nirudi Hospitali?

SWALI: Nina umri wa miaka 46, naishi Morogoro. Niliondolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe uliokuwa ukinitoa damu nyingi. Siku ya tisa baada ya upasuaji, nikiwa nyumbani, majimaji yalianza kunitoka ukeni mchana na usiku, nayo yananuka mkojo. Ajabu ni kwamba bado naenda haja ndogo kama kawaida. Nimeambiwa ni maji ya kidonda na kwamba yatakauka yenyewe. Je, niendelee kusubiri?

JIBU: Usisubiri, mama. Dalili unazozieleza zinaelekea kuwa za fistula, yaani tundu linalopitisha mkojo hadi ukeni, na mara nyingi hujitokeza wiki ya kwanza au ya pili baada ya upasuaji, mgonjwa akiwa amesharuhusiwa.

Hilo unaloliita ajabu ndilo lililonishtua zaidi. Tundu likiwa kwenye kibofu, hasa likiwa kubwa, mkojo huvuja kabla kibofu hakijajaa, na haja ya kawaida hupungua au hukoma. Anayevuja mfululizo huku akikojoa vizuri huenda amejeruhiwa ureta, yaani mrija unaoleta mkojo kutoka kwenye figo, kwa kuwa figo ya upande wa pili inaendelea kujaza kibofu. Ureta hupita chini ya mshipa wa damu wa kizazi, karibu kabisa na mlango wa kizazi (wanafunzi wa udaktari huukariri kama “maji chini ya daraja”), kwa hiyo uvimbe mkubwa ukiupotosha njia, hata mpasuaji hodari anaweza kuukata au kuufunga kwa uzi.

Kipimo cha kwanza ni rahisi: kibofu hujazwa maji yenye rangi ya buluu kwa kupitia mpira wa mkojo, na shashi huwekwa ukeni. Shashi ikitoka na rangi, tundu liko kwenye kibofu; ikilowa mkojo usio na rangi, ureta ndiyo inayoshukiwa. Piga na picha ya figo pia, kwa sababu ureta iliyojeruhiwa huweza kuziba na kuiua figo kimyakimya, wakati mwingine bila maumivu yoyote. Ukipata homa au maumivu ya ubavuni, nenda siku hiyohiyo.

Tundu dogo la kibofu likigunduliwa mapema huweza kuziba kwa kuvaa mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa, kubwa hushonwa. Ureta huwekewa kijirija cha kuishikilia au hupandikizwa upya kwenye kibofu. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, hutibu fistula bila malipo.

Omba hospitali uliyopasuliwa ikupe maelezo ya upasuaji kwa maandishi, kwani atakayekurekebisha atahitaji kujua kilichokatwa na mahali palipovuja damu.