Jipsamu inapasuka kwenye jointi

SWALI: Fundi habari, mi nafunga dari za jipsamu huku Buswelu, Mwanza, miezi miwili tu jointi, pale bodi mbili zinapokutana, zimetoa nyufa ndefu, mteja kanishikia hela ya mwisho. Nakosea wapi?

JIBU: Pole mdogo wangu. Ila sema ukweli, tepu ya kuziba jointi uliweka? Wengi mnajaza poda, msasa, mnasepa, hapo lazima pachanike. Paka mkono wa kwanza wa poda iliyokorogwa, laza tepu poda ikiwa bado mbichi, kandamiza na skrepa, acha ikauke kabisa ndo upige wa pili na wa tatu, kila mkono upana uzidi wa chini yake, na mvua zikiwepo unyevu huu wa ziwani unachelewesha kukauka so usikimbizane hata mteja akinuna. Skrubu nazo, kichwa kizame kidogo bila kuchana karatasi ya juu ya bodi. Hapo Buswelu kwangua jointi zote, rudia.