Jibu: Maneno ya Kiingereza yenye irabu zote tano

Ndugu, umeuliza kama yapo maneno ya Kiingereza yenye a, e, i, o na u zote ndani ya neno moja, na namna ya kuyapata bila kupekua kamusi nzima. Yapo, tena mengi.

Anzia mwishoni mwa neno. Kiambishi -ation tayari kina a, i na o, kwa hiyo unatafuta mzizi wenye e na u tu: education, regulation, reputation. Population linakaribia sana, ila halina e. Vilevile -ious inakupa i, o na u, zimebaki a na e: tenacious, precarious, nefarious.

Hapo ndipo panaponoga. Katika tenacious, e imetangulia a. Ukipata neno la -ious ambamo a inatangulia e, na kila irabu imetokea mara moja tu, umepata zote kwa mpangilio uleule tuliokaririshwa darasa la kwanza. Facetious ni hilo, la mtu anayefanya mzaha pasipofaa. Lingine ni abstemious, mtu wa kiasi katika kula na kunywa. Nilipoligundua hili la pili nililiandika kwenye karatasi na kuzungushia kila irabu duara, nisiamini macho yangu.

Kinyumenyume pia lipo: subcontinental, u-o-i-e-a.

Ukitaka fupi, chukua sequoia, mti mkubwa wa Marekani. Herufi saba, konsonanti mbili tu.