Jibu kwa anayekwenda Dubai: zima rominga ukiwa bado Kisumu

Dada, kabla hujafunga sanduku weka hiyo simu mezani unisikilize. Umeuliza ununue laini gani ukifika Dubai, M-Pesa utaipataje, na kama ni kweli "utapiga tu WhatsApp, usijisumbue." Hilo la mwisho ndilo limenifanya niandike saa hizi za usiku.

Mimi niliambiwa hivyo hivyo na fundi wa simu pale Kondele, kwa sauti ya profesa: "Dubai ni kama kuvuka Busia tu." Busia, pale mpakani na Uganda, ina mkataba wake! Tangu 2014, Mkenya akipigiwa simu akiwa Uganda halipi kupokea. Falme za Kiarabu, nchi yenye Dubai, hazimo. Huko ukipokea kwa laini ya nyumbani unalipa wewe, hata kama ni shangazi anayetaka kujua kama kuna joto.

Na WhatsApp? Ujumbe unaenda, ila kupiga simu kwa WhatsApp wamekufungia. Nilitua usiku, nikampigia mama Ahero, kimya. Nikapiga tena, kimya. Nikasema ni Wi-Fi ya hoteli, nikaizima, nikawasha data ya rominga, yaani intaneti ya ugenini kupitia laini yangu ya nyumbani, ile ya kulipa bili mwisho wa mwezi. Kabla sijapiga, usingizi ukanibeba.

Usiku huohuo kikundi cha ukoo kilikuwa kinatuma video za matanga ya mjomba, kuanzia gari la maiti hadi sufuria ya mwisho. Simu yangu, mtiifu kuliko mimi, ikapakua zote. Ikapandisha na picha zangu mtandaoni, ikasasisha programu nilizosahau kuwa ninazo. Bili ilitangulia kufika Kisumu: shilingi 41,000. Pesa ya kula samaki wa Dunga hadi nizeeke! Nilipomfuata fundi akanipa kava ya simu, bure. Kava!

Kwa hivyo ingia kwenye mipangilio, laini ya nyumbani, zima data ya rominga leo. Usingoje utue, ukitua utakuwa umechoka, na mchoko ndio ulioniponza. Kule nenda dukani na pasipoti, usajiliwe laini yao, data yote ipitie hapo. Kupiga nyumbani tumia Botim, programu ya kupiga simu kwa intaneti, inaruhusiwa. Mwekee mama kabla hujaondoka, maana kumfundisha kuiweka kwa simu isiyopita... nimejaribu.

Ya M-Pesa nitarudi kesho. Umeshazima?