Sufuria ya Watu Wawili

*Mamkubwa, mkazi wa Ujiji, anajibu barua za wasomaji kuhusu jiko na soko.*

Shikamoo Mamkubwa. Nimeolewa mwaka huu na tunakaa Mwanga, hapa Kigoma, mimi na mume wangu tu. Kila asubuhi ananiachia 6,000 ya chakula na mkaa. Nanunua unga kilo, mchele nusu, mafuta ya 500, nyanya fungu, kitunguu, dagaa au samaki. Jioni haibaki hata mia, na asubuhi namwaga kiporo. Kwetu tulikuwa tisa na mama alitulisha tukashiba. Nakosea wapi?
*Mke mpya, Mwanga*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kuolewa. Jibu la kwanza umeliandika mwenyewe: kwenu mlikuwa tisa. Mkono wako umezoea kupikia watu tisa. Ukiteka maji unateka ya watu tisa, na unga inabidi uyafuate maji.

Ugali haupimwi kwa unga, unapimwa kwa maji. Maji yakishachemka mengi, utaongeza unga mpaka ushike, upende usipende. Mimi nililea watoto sita kwa sufuria moja kubwa. Walipoondoka wote nikabaki na mjukuu wangu wa kike, na bado nikawa napika vile vile karibu mwaka mzima. Siku moja yule mtoto akanihesabia kwa vidole: wiki ile kuku walikuwa wamekula ugali wetu siku tano. Niliumia sana. Ule unga nilikuwa nimeubeba kichwani kutoka mashineni, kwenye jua.

Nikanunua sufuria ndogo. Nikachagua kikombe kimoja cha bati chenye ua jekundu ubavuni, nikakitundika kwenye msumari juu ya jiko. Hakinywewi chai kile, ni cha kupimia tu. Vikombe viwili vya maji ndiyo ugali wetu sisi wawili. Mchele ni kikombe kimoja, na nusu nyingine tukiwa tumeshinda shamba. Wewe kikombe chako kitakuwa na ukubwa wake na mume wako ana tumbo lake, kwa hiyo pima wiki nzima, angalia kinachobaki, punguza au ongeza. Usikisie kwa jicho. Jicho lako bado liko kwa mama.

Sasa tuje kwenye hela. Hiyo 6,000 si ndogo kwa watu wawili, ila inakuja vipande vipande, na hela ya vipande hununua vitu vya kupimiwa. Mafuta ya 500 kila jioni kwa siku 30 ni 15,000. Nenda sokoni na 15,000 mkononi uulize utapata mafuta kiasi gani kwa mara moja, kisha rudi nyumbani ukumbuke vile vifuko vya jioni. Unga, mchele na maharage ni hivyo hivyo.

Kaa na mume wako, mzungumze taratibu, siyo wakati ana njaa. Mwambie hutaki hela zaidi, unataka nusu yake ije mapema. Kama analipwa kwa mwezi, 180,000 igaweni: 90,000 siku ya mshahara kwa vitu vikavu, na 3,000 kila siku kwa mboga mbichi, nyanya na mkaa. Kama ni mtu wa kibarua, fanyeni kwa wiki: 21,000 mwanzoni na 3,000 ile ile ya kila siku. Wiki ya kwanza itabana. Vumilia, maana ndiyo wiki unayojaza ndoo.

Vya kununua kwa pamoja ni unga, maharage, mchele, mawese, chumvi na dagaa. Hapa kwetu changanya unga wa mahindi na wa muhogo. Usinunue wa muhogo uliosagwa tayari kama humjui aliyeusaga, nunua udaga wenyewe, yaani muhogo ulioloweshwa ukakaushwa, uupeleke mashine. Vunja kipande: udaga mzuri unavunjika kama chaki, ndani ni mweupe, haunuki uvundo wala hauna madoa meusi ya ukungu. Na uliza kama uliloweshwa vizuri. Muhogo mchungu usioloweshwa ukakaa siku zake una sumu, na hilo halina mjadala hata muuzaji akikupunguzia bei.

Maharage ya Kasulu na Kibondo yasubiri baada ya mavuno, yanaposhuka sokoni kwa wingi. Ya zamani ni ghali hata yakiuzwa rahisi, kwa sababu yatakula mkaa wako saa tatu na bado yagonge meno. Yashike, yanuse, minya moja kwa ukucha. Likiwa gumu kama kokoto na ganda limefifia, mwachie mwenyewe.

Nyanya usirundike. Katika fungu, zilizo juu ni za kukuitia, wewe geuza ukaone za chini. Omba mbili zilizoiva za leo na zilizobaki ziwe na ubichi kidogo, zitaiva dirishani kwako.

Mamkubwa, dagaa ni wale wale na muuzaji ni yule yule. Wiki hii bakuli limejaa, wiki ijayo kwa hela ile ile ananipa nusu. Ananilalia? Na mbona wana mchanga hata nikiwaosha mara tatu?
*Baba wa mtoto mmoja, Ujiji*

Hakulalii, baba. Usiku utoke nje uangalie juu.

Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Mwanga unawavuta, wanapanda kwa wingi kwenye taa, ndipo wavu unawakusanya. Mbalamwezi ikiwa kali ziwa zima linang'aa, ile taa haina tena kazi ya kuwaita, na wavuvi wengi hupumzika siku hizo. Baada ya siku chache mzigo sokoni unapungua na bakuli lako linapungua nalo. Mwezi ukishazama na giza likarudi, ukisimama ufukweni Kibirizi utaona taa zimejipanga majini kama mji. Hapo hesabu usiku mbili tatu za kuvua, weka na siku za kuanika, kisha nenda kanunue. Mimi kalenda yangu ya ukutani ina alama za kalamu nyekundu kwenye siku za giza, na dagaa wangu wa mwezi nanunua siku hizo tu.

Kuna na majira makubwa zaidi. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate kuzaliana. Nakumbuka tuliokuwa na dagaa ndani tulivyopita kipindi kile bila wasiwasi, na majirani waliokuwa wananunua wa kula siku ile ile wakahangaika. Mimi naunga mkono ziwa lipumzike. Nimeona migebuka inavyozidi kuwa midogo tangu nilipokuwa msichana, na inaniuma. Lakini nyumba lazima ijipange kabla. Aprili ikifika, weka dagaa wa kutosha.

Wa kuweka lazima wawe wakavu. Mchukue mmoja, mvunje katikati. Akikatika kwa sauti, ka, huyo amekauka. Akijikunja bado ana maji na atakuozea. Ngozi iwe na weupe wa fedha. Wakiwa na rangi ya kutu mafuta yao yameshachacha, na hakuna ndimu itakayoondoa ile ladha. Kipindi cha mvua uwe mkali zaidi, maana jua ni la kuvizia. Nyumbani wakae kwenye mfuko wa karatasi au wa kitambaa, mahali pakavu, na kila baada ya wiki mbili uwatoe juani asubuhi moja.

Na mchanga? Dagaa wako walianikwa chini. Wanaoanikwa kwenye vichanja bei yao iko juu kidogo ila hawana mchanga, na mimi naona ile tofauti inalipa, kwa sababu wa mchangani unalipia pia uzito wa mchanga. Ukiwa umeshanunua wa chini, kosa lako liko kwenye kuosha. Nina hakika unamwaga maji huku dagaa wako ndani. Ukifanya hivyo mchanga ulioshuka unawarudia.

Fanya hivi. Wakaange kwanza bila mafuta, moto mdogo, dakika tatu nne, huku unageuza. Harufu kali inatoka na mchanga unaachia ngozi. Toa vichwa kwa kidole gumba, bana na kuvuta, na utumbo mweusi unafuata. Ule ndio uchungu ambao mtoto anaukataa. Mimina maji ya uvuguvugu kwenye bakuli pana, tia dagaa, wapeperushe kwa vidole bila kuwaponda, subiri kidogo. Sasa watoe kwa mkono, wachote wao, maji yabaki. Pitisha kidole chini ya bakuli: utausikia mchanga umelala pale. Rudia na maji mapya mpaka kidole kipite laini. Mimi huwa ni mara nne. Baada ya hapo kitunguu, nyanya mbili, mawese kijiko kimoja kikubwa, ndimu mwishoni. Kwa watu watatu konzi mbili za dagaa wakavu zinatosha, watavimba.

Mawese yangu yamegawanyika, juu mekundu kama damu, chini mazito kama uji. Nimeuziwa feki? Na ni lazima niyachome mpaka yawe meupe?
*Mgeni Kigoma, mwalimu*

Karibu Kigoma, mwalimu. Mawese hujitenga yenyewe yakipoa, hiyo si dalili ya feki. Koroga tu, au weka chupa juani. Ukitaka kujua kama yana maji, dondosha tone kwenye kikaango cha moto. Yakiruka na kupiga kelele, umeuziwa maji. Harufu ya uchachu ni ya mawese yaliyokaa.

Kuyachoma mimi nimeacha. Ule wekundu ndio unaotupa vitamini A ya bure hapa Kigoma, na moto mkali wa kuyachoma unaiua. Pasha tu, tia kitunguu.

Shikamoo Mama. Nimepanga chumba Tabora mjini, naishi peke yangu, nina jiko moja la mkaa, sina friji. Narudi kazini saa moja usiku nimechoka, nakula kwa mama lishe kila siku na mshahara unaishia huko. Mama yangu ananitumia dagaa kutoka Kigoma lakini sijui niwale na nini zaidi. Nisaidie.
*Kijana, Tabora*

Marahaba, mwanangu. Mama lishe usimwache kabisa, mchana endelea kula kwake. Tutaokoa hela ya jioni.

Mtu mmoja asianze kupika maharage mabichi kila jioni. Jumamosi usiku loweka nusu kilo. Jumapili mwaga yale maji, tia mapya, yachemke kwa nguvu si chini ya dakika kumi, kisha yaache moto wa wastani mpaka yaive kabisa. Magadi yanalainisha haraka, lakini yanaharibu baadhi ya vitamini, na maharage yaliyolowekwa hayayahitaji. Usitie chumvi, kitunguu wala nazi kwenye sufuria kubwa. Chota ya kula leo, hayo ndiyo uyaunge. Nazi inachachisha maharage haraka, hasa kwenye joto.

Yaliyobaki, bila friji, yachemshe tena asubuhi na jioni mpaka yatokote yote, funika, usiyaguse kwa mwiko uliokwisha kulambwa. Uyale Jumatatu na Jumanne, yasivuke hapo. Ukiona povu au harufu ya uchachu, mwaga bila kuyaonja. Jumatano na Alhamisi ndipo dagaa wa mama wanaingia, hao wanaiva haraka kuliko ugali wenyewe.

Na wewe uko Tabora, mwanangu, una vitu ambavyo sisi huku tunaviagiza. Karanga kwanza. Ziponde, tia maji, mimina kwenye dagaa badala ya nyanya wakati nyanya zimepanda bei. Au kwenye majani ya kunde yaliyokaushwa, yale wenyeji wako wanayaita nsansa. Hayo yanakaa miezi bila friji, na konzi moja iliyoloweshwa inatosha mboga ya mtu mmoja. Michembe nayo, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, ichemshe Jumapili pamoja na moto wa maharage, asubuhi unakunywa nayo chai na hununui maandazi.

Jambo moja nakuomba ulishike kama ungekuwa mwanangu wa kuzaa: karanga uzichambue moja moja chini ya mwanga kabla ya kuponda. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyoota ukungu, tupa, wala usimpe kuku. Ukungu ule unaleta sumukuvu, na sumukuvu haifi kwa kukaanga wala kwa kuchemsha. Kwa sababu hiyo usinunue karanga zilizopondwa tayari hata zikiwa rahisi, huwezi kujua nini kiliingia kinuni. Nunua zenye maganda ukiweza, umenye kidogo kidogo jioni ukisikiliza redio.

Sufuria yako iwe ile inayobeba lita mbili, usinunue kubwa kwa sababu ya wageni. Wageni wakija, azima kwa mwenye nyumba. Anza Jumapili hii, na dagaa wa mama usisahau kuwaanika, mvua za kwenu zikianza chumba cha kupanga kinapata unyevu.