Ukikuta tembo njiani: kwa dereva mpya wa watalii

Dereva anayeanza kazi Tarangire huhangaika na simba. Simba aliyelala chini ya mbuyu hana shida na wewe. Mnyama atakayekutoa jasho ni tembo, hasa kati ya Juni na Oktoba, maji yakiwa yamebaki mtoni na makundi yanashuka huko kwa kukata barabara zile zile unazopita.

Kabla hujasimama, jua utatokea wapi. Pua ya gari itazame njia iliyo wazi. Kupiga rivasi kwenye mchanga, wageni sita wamesimama na paa limefunguliwa, ni kujitafutia kukwama mahali pabaya. Usizibe njia yao ya kwenda majini, wala usipite katikati ya kundi hata ukiona mwanya: mara nyingi mwanya huo una ndama aliyefichwa na nyasi, anamfuata mama yake. Wakiwa wanavuka barabara, subiri mpaka wa mwisho apite, kisha subiri tena kidogo. Yule uliyedhani wa mwisho huwa ana wenzake vichakani.

Injini izimwe tembo akiwa bado mbali. Wengi huiacha ikinguruma mpaka amefika mita kumi, wanaizima, mgeni anaingiwa na hofu, wanaiwasha tena. Mlio wa starta ndio unaomshtua. Akisogea mwenyewe akiwa ametulia, kaeni kimya mwacheni apite.

Halafu msome, na uanze na mkonga. Ncha ikiinuliwa juu na kugeuzwa upande wako, ananusa. Akiubembeza mguu mmoja wa mbele, au akang'oa nyasi na kuzitupa bila kula, bado hajaamua la kufanya. Hapo ndipo pa kuondoka, tena taratibu, wala usingoje dalili ya pili. Akikukabili kichwa juu, masikio yametanuliwa, anapiga kelele na kutimua vumbi, kwa kawaida anakutisha tu, na wengi husimama kabla ya kukufikia. Akija kichwa kimeinama, masikio yamebanwa nyuma na mkonga umekunjwa ndani, pengine bila sauti yoyote, amekuja kupiga. Usikae kulinganisha dalili hizi gari likiwa limezimwa. Tembo hufikia kama kilomita 40 kwa saa, na landkruza inayoanzia gia ya kwanza kwenye mchanga haifiki huko upesi.

Dume aliye katika masti, yaani kipindi cha kutafuta majike homoni zikiwa zimempanda, ana kanuni zake. Utaona maji meusi-meusi yakichuruzika kutoka kwenye tezi ya panjani, kati ya jicho na sikio, mpaka shavuni. Mkojo humdondoka mfululizo, kwa hiyo miguu ya nyuma imelowa upande wa ndani. Upepo ukikujia, harufu kali itakufikia mapema. Huyu usimzimie injini. Mpishe akiwa mbali, hata kama wageni wananung'unika kuhusu picha. Ila panja lenye unyevu peke yake halitoshi kukuambia kitu: majike nao hutoa maji hayo wakishtuka au wakisalimiana. Angalia miguu ya nyuma.

Ndani ya gari, machungwa na ndizi za chakula cha mchana zikae kwenye boksi lenye mfuniko, maana mkonga unaweza kuingia dirishani kwa ajili ya ganda tu. Kuhusu mbung'o, waambie wageni tangu asubuhi wasivae bluu iliyoiva wala nyeusi, rangi zinazowavuta. Mgeni anayejipiga makofi na kurukaruka ubavuni mwa tembo ni hatari kuliko tembo mwenyewe.

Nyati wazee wanaotembea peke yao hawakupi dalili nyingi. Usimruhusu mtu kushuka kujisaidia karibu na kichaka ambacho hujakizunguka. Kiboko aliye nchi kavu mwachie upande wa maji, basi.

Ukishaondoka, toa taarifa kwa redio: ni dume au kundi lenye ndama, yuko upande gani wa barabara, anaelekea wapi, na kama ana masti. "Kuna tembo hapa" si habari Tarangire.