Sabukaunti ilituruhusu mizinga msituni, mbona imeondolewa?

Swali: Habari mkubwa, sisi ni kikundi cha wafuga nyuki huku Masindi, Uganda. Tuliomba sabukaunti ituruhusu kuweka mizinga kwa msitu, makansela (madiwani wa hapo) wakakaa wakakubali, barua ikapigwa muhuri kabisa. Baadae askari wa msitu wakaja wakatoa mizinga yote. Si tuliambiwa mali asili tunaamua pamoja na serikali ya mtaa? Nani hasa anaamua?

Jibu: Poleni sana ndugu zangu, mizinga ni hela ya watu. Kitu cha kwanza jueni huo msitu kisheria uko chini ya nani, kila kitu kinaanzia hapo. Sheria ya misitu ya 2003 inatenga hifadhi za serikali kuu, zinazosimamiwa na NFA, yaani mamlaka ya taifa ya misitu, na hifadhi za mitaa zilizo chini ya wilaya. Za serikali kuu ni 506, karibu hekta milioni 1.26, za mitaa ni 192 lakini ukizijumlisha zote ni kama hekta 5,000 tu, vipande vidogo vidogo. Kwa hiyo kama wenu ni sehemu ya Budongo, ule msitu mkubwa wa huko Masindi, basi ni wa NFA, na sabukaunti haina uwezo wa kutoa ruhusa humo hata kama makansela wote wamekubali.

Njia ipo lakini, inaitwa CFM, usimamizi wa pamoja wa msitu kati ya wanakijiji na NFA. Sajilini kikundi kwa afisa maendeleo ya jamii, mwandikie NFA kuomba, mtakaa nao mpange mizinga ikae wapi, nani atapiga doria, moto ukitokea nani anaripoti, alafu mnasaini mkataba. Makansela waiteni wawe mashahidi, na sabukaunti inaweza kutunga sheria ndogo zake kuhusu moto kwa mashamba yanayopakana, hiyo ni nguvu yao kweli. Kuna vikundi karibu na Budongo vilishasaini, waendeeni muone mkataba wao ulivyo. Mimi kinachoniuma ni watu kuitwa mkutano, wanasaini mahudhurio, wanarudi nyumbani bila karatasi yoyote inayosema haki yao ni ipi.

Ikiwa ni hifadhi ya mtaa, nendeni kwa afisa misitu wa wilaya. Na msisahau, sheria hiyo hiyo inamruhusu mwanakijiji kuokota kuni kavu za nyumbani bila kulipa, kiasi cha kawaida, ili mradi mpango wa msitu huo haukatazi. Za kuuza hapana.